Picha ilisema mifupa yote mizima, mbona mkono bado unaniuma?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni kijana wa miaka 26, naendesha bodaboda hapa Tanga. Pikipiki bado si yangu. Nimepewa kwa mkataba, kila siku napeleka hesabu kwa tajiri, na mkataba ukiisha inakuwa mali yangu. Imebaki miezi michache tu, ndiyo maana jambo hili linaninyima usingizi.

Wiki saba zilizopita nilikuwa natoka kumshusha abiria, tairi la mbele likateleza kwenye mchanga kwenye kona. Sikuwa na mwendo mkali. Nilijikinga kwa kiganja cha mkono wa kulia, nikainuka, nikaiinua pikipiki na kurudi nayo kijiweni mwenyewe. Usiku kifundo cha mkono kikavimba kidogo. Kesho yake nikaenda kituo cha afya, nikapigwa picha, nikaambiwa mifupa yote mizima, nimeteguka tu. Nikapewa bandeji ya kubana na vidonge vya maumivu.

Mama akanipeleka kwa bibi mmoja wa mtaani kwetu anayesifika kwa kuchua. Kanichua kwa mafuta ya nazi na kunikanda kwa maji ya moto yenye chumvi, mara nyingine analivuta dole gumba mpaka linalia. Kila nikitoka kwake napata nafuu ya siku mbili, kisha maumivu yanarudi pale pale.

Sasa hivi uvimbe umekwisha kabisa, mtu akinitazama anaona mkono mzima. Lakini nikivuta mafuta unauma. Nikibana breki ya mbele unauma. Nikijiinua kitandani kwa kiganja ndiyo balaa. Maumivu yako upande wa dole gumba, chini kidogo ya pale dole lenyewe linapoanzia. Kila asubuhi nameza diklofenaki ninayonunua duka la dawa ndipo naingia kazini.

Mjomba anasema niache kudeka, picha ilishapigwa na haikuonyesha kitu. Kijiweni kuna mwenzangu anasema ndugu yake alianza hivi hivi, mwisho akaambiwa mfupa umekufa, akafanyiwa upasuaji. Daktari, picha inaweza kukosea? Mfupa mdogo vile unakufaje? Na kama nimevunjika kweli, nikifungwa hogo nitaendeshaje pikipiki? Si bora upasuaji, niwekewe chuma, nirudi barabarani haraka? Halafu naomba unijibu na hili: niendelee kuchuliwa au niache?

Dereva wa boda, Tanga


Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu jibu lake linatakiwa leo. Acha kuchuliwa. Usirudi kwa bibi kwa ajili ya mkono huu mpaka upigwe picha nyingine, na wiki hii hii uende kwenye hospitali yenye daktari wa mifupa. Sisemi hivi kwa kumdharau bibi. Wanaojua kuchua wamewafaa watu wengi wenye misuli iliyokaza, na mama alikupeleka kwa mapenzi. Lakini umenieleza mambo manne kwa pamoja: uliangukia kiganja, maumivu yamekaa upande wa dole gumba, uvimbe ulikuwa mdogo na ukaisha mapema, na wiki saba zimepita bila kupona. Daktari wa mifupa akisikia hayo yote kwa kijana wa umri wako, anafikiria kifupa kimoja kabla ya kingine chochote. Kinaitwa skafoidi. Mimi kwa kusoma barua siwezi kusema kimevunjika. Ninachoweza kusema ni kwamba mpaka leo hakuna aliyethibitisha kuwa ni kizima.

Ukikitazama kwa nje, kifundo cha mkono unaweza kudhani ni kiungo kimoja tu. Ndani yake, kati ya mifupa miwili ya kigasha na ile mirefu ya kiganja, mna vifupa vinane vilivyopangwa katika safu mbili. Skafoidi kiko upande wa dole gumba, ukubwa wake kadiri ya korosho na hata umbo halitofautiani sana na korosho. Kazi yake ni ngumu kuliko ya wenzake, kwa kuwa kimekatiza safu zote mbili na kuzishikanisha zisiende kila moja njia yake. Sasa mtu anapoanguka, bila hata kufikiri ananyoosha mkono. Kiganja kinagota chini, kifundo kinapinda kuelekea nyuma, uzito wa mwili mzima unashukia hapo, na kifupa hiki kinabanwa kwenye ukingo wa mfupa wa kigasha. Mara nyingi kinakatika katikati, mahali tunapopaita kiuno chake. Katika kila watu kumi waliovunjika vifupa vya kifundo cha mkono, sita au saba wamevunjika hiki. Wengi wao ni vijana wa kiume, wacheza mpira na waendesha pikipiki. Mzee au mtoto akianguka kwa namna ile ile, mara nyingi kinachovunjika ni mfupa wa kigasha, kwa hiyo mkono unapinda na kila mtu anaona. Wewe umeumia katika umri ambao mivunjiko hujificha.

Sasa picha. Ndiyo, inaweza kupigwa vizuri, ikasomwa na mtu anayejua kazi yake, na bado ufa usionekane. Eksirei inatoa kivuli cha mfupa, na ufa mwembamba ambao vipande vyake havijaachana hauna kivuli cha kutosha siku ya kwanza. Inakadiriwa kuwa hadi mivunjiko miwili katika kumi ya kifupa hiki haionekani kwenye picha ya mwanzo. Siku kumi hadi kumi na nne baadaye mambo hubadilika, kwa kuwa mwili katika kujitengeneza unakula kidogo kingo za ufa, nafasi inapanuka, na picha inayorudiwa inauonyesha. Kwa hiyo utaratibu unaofuatwa kwa mtu wa namna yako ni kumchukulia kana kwamba amevunjika hata kama picha ni safi: anafungwa plasta au gango, anapewa tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili, na picha inarudiwa. Palipo na MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, mtu anaweza kujua ukweli ndani ya siku chache, maana kipimo hicho kinaona jeraha la mfupa ambalo eksirei hailioni.

Aliyekuhudumia siku ile basi huenda aliisoma picha sawasawa. Kilichokosekana ni tarehe ya kurudi. Mjomba naye mweleze hivyo, kwa adabu, kwamba picha ya siku ya kwanza haimalizi shauri. Ikiwezekana nenda naye hospitali, asikie kwa masikio yake.

Kuna sehemu unayoweza kujigusa mwenyewe kabla ya kwenda. Nyoosha dole gumba la kulia kwa nguvu kuelekea juu, kama unamsimamishia mtu lifti. Kwenye ubavu wa kifundo, chini ya dole, itatokea mikano miwili iliyokaza na katikati yake kishimo. Skafoidi kiko chini ya kishimo hicho. Bonyeza kwa ncha ya kidole, polepole, kisha fanya vivyo hivyo mkono wa kushoto, maana hata kwa mtu asiye na jeraha pale pana uchungu kidogo, na kinachotafutwa ni tofauti kati ya mikono miwili. Daktari atabonyeza pia kwenye kinundu kilicho upande wa kiganja, chini ya shina la dole gumba, na atalisukuma dole lenyewe kwa urefu kuelekea kwenye kifundo. Sehemu zote tatu zikiuma, shaka inazidi. Usijaribu mara kwa mara nyumbani. Mara moja inatosha kukupa sababu ya kwenda.

Umeuliza mfupa unakufaje, na hapa nataka unisikilize vizuri, maana ndiyo sababu nimekuandikia kwa haraka hivi. Mfupa ni kitu hai, unalishwa na damu. Mifupa mingi inapata damu kutoka pande nyingi, ukivunjika huku unalishwa kutoka kule. Skafoidi kina bahati mbaya. Sehemu kubwa ya damu yake inaingilia upande ulio karibu na vidole, halafu inarudi nyuma kuelekea kwenye kigasha. Kikikatika kiunoni, kile kipande cha nyuma kinaweza kubaki bila chakula. Kadiri ufa unavyokuwa karibu na kigasha, ndivyo hatari inavyoongezeka. Kipande kisicholishwa kinachelewa kuunga, pengine hakiungi kabisa, na kingine kinakufa kisha kinabomoka. Ongeza na hili, kwamba kifupa hiki kimeogelea ndani ya maji ya kiungo na kinasogezwa kila ukigeuza mkono. Ufa unaosogezwa kila siku hauungi. Kuvuta mafuta kutwa nzima ni kuusogeza. Kuvutwa dole gumba mpaka lilie ni kuusogeza zaidi. Nafuu ya siku mbili unayoipata ni ya misuli na ngozi iliyopata joto, haihusiani na mfupa.

Inajulikana pia kwamba mtu akikaa zaidi ya wiki nne bila mkono kutulizwa, uwezekano wa mfupa kutounga unapanda sana. Wewe uko wiki ya saba. Sikutishi, nakuhimiza, kwa sababu wengi waliochelewa kiasi chako bado wanatibiwa na kupona, ilhali waliochelewa miaka hadithi yao ni nyingine. Skafoidi kisichounga kinaharibu mpangilio wa vifupa jirani, vinaanza kusagana, na katika miaka mitano hadi kumi kifundo kinapata baridi yabisi ya kudumu. Nimeona watu wa miaka thelathini na kitu wenye kifundo cha mzee, hawawezi kubeba ndoo, na chanzo ni anguko la ujanani ambalo waliambiwa ni mteguko. Ikifika huko matibabu yanayobaki ni kutoa baadhi ya vifupa au kuviunganisha visisogee tena. Maumivu yanapungua, lakini sehemu ya uwezo wa kukunja mkono inapotea moja kwa moja.

Ukifika hospitali, beba ile picha ya kwanza na karatasi zake zote. Sema ulianguka lini na uliangukaje, na useme wazi kwamba maumivu yako kwenye kishimo cha dole gumba. Omba picha maalumu za skafoidi. Picha za kawaida za kifundo mara nyingi ni mbili, lakini za kifupa hiki zinapigwa kwa pembe nne au zaidi, mojawapo mkono ukiwa umelazwa kuelekea upande wa kidole cha mwisho ili kifupa kijinyooshe na ufa uonekane. Kwa wiki saba, ufa ukiwapo una nafasi nzuri ya kuonekana kwenye hizo. Daktari akibaki na shaka, au akitaka kujua kama vipande vimepishana na kama vimeanza kuunga, anaweza kukuandikia kipimo cha CT, yaani eksirei inayouonyesha mfupa tabaka kwa tabaka. Ukipewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) Dar es Salaam au KCMC Moshi, usiikatae kwa kuogopa nauli.

Inawezekana wakakuta skafoidi kizima, na ningefurahi. Ila usitoke hapo na jibu la "hamna kitu", kwa maana kuna majeraha mengine yanayojificha katika eneo hilo. Kano inayofunga skafoidi na kifupa cha jirani yake, lunati, inaweza kukatika, na nayo ikiachwa inaleta uharibifu unaofanana na huo. Kuna kifupa cha trikwetramu kilicho upande wa kidole cha mwisho, cha pili kwa kuvunjika. Hicho aghalabu kinabanduka kipande kidogo mgongoni, kinauma nyuma ya mkono, na kinapona kwa gango la wiki nne hadi sita. Hamati kina kijipembe kinachochomoza upande wa kiganja, na wanaokivunja sana ni wachezaji wa gofu, tenisi na kriketi, kwa kishikio cha fimbo au cha raketi. Wewe maumivu yako hayako huko. Nimevitaja kwa ajili ya wasomaji wengine, pamoja na onyo moja zito: aliyeanguka kwa kishindo, kifundo kikavimba sana na akapata ganzi kwenye dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, huyo anaweza kuwa na lunati iliyochomoka na kukandamiza neva. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku ile ile, hata usiku.

Tuje kwenye hogo na skrubu. Matibabu yanategemea ufa uko wapi na vipande vimekaaje. Ufa ulio mwisho wa kifupa karibu na dole gumba unapata damu nyingi, mara nyingi wiki sita za plasta zinautosha. Ufa wa kiunoni ambao vipande havijapishana unahitaji wiki nane hadi kumi na mbili, na ukifungwa mapema takriban tisa kati ya kumi huunga bila kisu. Ulio karibu na kigasha ndio mkaidi. Unaweza kula miezi minne au zaidi ndani ya plasta, kwa hiyo madaktari wengi wanapendelea kuufanyia upasuaji tangu mwanzo. Vipande vikiwa vimepishana zaidi ya milimita moja, upasuaji unafikiriwa kwa uzito hata ufa ukiwa kiunoni. Ukifungwa na ukaona dole gumba limeachwa huru wakati mwenzako alifungwa mpaka dole, usidhani umefanyiwa nusu kazi. Njia zote mbili zinatumika, na tafiti hazikuonyesha kuwa kulifungia dole kunafanya mfupa uunge vizuri zaidi.

Upasuaji wenyewe umepiga hatua. Skrubu inayotumika haina kichwa, inazama yote ndani ya kifupa, na nafasi kati ya hesi zake ni tofauti mwanzoni na mwishoni, hivyo inapokazwa inavivuta vipande viwili vikabana pamoja. Ilibuniwa na Timothy Herbert, daktari aliyefanya kazi Australia, ambaye matokeo yake yalichapishwa mwaka 1984. Kwa mivunjiko iliyokaa muda mrefu bila kuunga, daktari huongeza kipande cha mfupa kilichochukuliwa nyongani au kwenye kigasha chako mwenyewe ili kuziba pengo na kuamsha uungaji.

Ila ile dhana kwamba ukiwekewa chuma unarudi barabarani haraka, naomba uiondoe. Skrubu inashikilia tu, anayeunga mfupa ni mwili wako, na mwili hauharakishwi. Huko Uingereza hospitali 31 zilishirikiana kufuatilia watu wazima 439 waliovunjika skafoidi kiunoni, vipande vikiwa havijapishana zaidi ya milimita mbili. Wengine waliwekewa skrubu mapema, wengine walifungwa plasta kwanza, na wale ambao plasta haikuwaunga wakapelekwa kwenye upasuaji bila kucheleweshwa. Matokeo yalitoka mwaka 2020, na baada ya mwaka mzima makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa maumivu wala kwa uwezo wa kutumia mkono. Wale walikuwa na majeraha mapya, lako limekaa wiki saba, hivyo daktari wako anaweza kuwa na sababu nzuri ya kukupeleka upasuaji. Akikushauri hivyo, muulize mambo matatu: ufa uko sehemu gani, vipande vimepishana kiasi gani, na kipande cha nyuma bado kinapata damu? Akisema plasta inatosha, shukuru na uikubali. Upasuaji nao una hatari zake, za wadudu kuingia kwenye kidonda, skrubu kukaa vibaya, au mfupa kukataa kuunga hata baada ya yote.

Ukiwa na hogo huendeshi pikipiki. Mkono huo ndio unaovuta mafuta na kubana breki ya mbele, na nyuma yako amekaa mtoto wa mtu. Usiloweshe plasta, usiingize kijiti ndani kujikuna, na vidole vilivyo nje vichezeshe kila saa visikakamae. Vidole vikiwa vya baridi, kucha zikibadilika rangi, ganzi ikiingia, au maumivu yakizidi unaponyooshwa vidole, rudi hospitali saa hiyo hiyo ikatwe. Usingoje asubuhi. Na usiikate mwenyewe wiki ya tano kwa kuwa haiumi tena. Maumivu huisha kabla mfupa haujaunga, na watu wengi wamejiharibia hapo.

Diklofenaki ya kila siku kwa wiki saba, bila mtu wa kukuandikia, iache. Inachimba vidonda tumboni na kuumiza figo, na mbaya zaidi kwako inanyamazisha maumivu ambayo yangekuzuia kuuchezea mkono huo kutwa nzima. Parasetamo kwa kipimo chake inakutosha mpaka uonane na daktari. Hukuniambia kama unavuta sigara. Kama unavuta, huu ndio wakati wa kuacha, maana sigara inabana mishipa midogo ya damu na inajulikana kuchelewesha skafoidi kuunga. Kabla ya picha mpya, nunua gango la kifundo lenye kibao cha ndani, ulivae mchana na usiku. Ile bandeji ya kubana inapunguza uvimbe, haizuii mfupa kusogea.

Najua umesoma yote haya huku unapiga hesabu ya tajiri. Ni haki yako. Usisubiri mpaka ukose kupeleka ndipo uanze kujieleza. Ukipata karatasi ya daktari, mpelekee, kaeni muongee, na upendekeze mtu unayemwamini kijiweni aendeshe kama deiwaka, apeleke hesabu ya tajiri, na kinachozidi mgawane. Mkataba usogezwe mbele kwa muda wa matibabu, na makubaliano hayo myaandike mbele ya mwenyekiti wa kijiwe, msiishie kwenye maneno. Tajiri mwenye akili anajua dereva aliyemwamini mwaka mzima si rahisi kumpata mwingine. Kuhusu gharama, kama huna bima, hospitali za serikali zina afisa ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni kuwasikiliza wasioweza kulipa. Muulizie mapema, kabla bili haijaandikwa. Wenzako wa kijiweni nao waambie umeumia. Vijiwe vingi vina mfuko wa kusaidiana, na mfuko huo uliwekwa kwa siku kama hizi.

Picha mpya ikitoka, niandikie ufa umeonekana sehemu gani na daktari kapendekeza nini. Nitakujibu.